Breka ya Mtu

Mdogo wangu nimemwonea wivu tangu siku alipoletwa nyumbani amefungwa kwenye kitenge cha njano, na sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mtoto wa miaka minne, sikujua ninachofanya. Nilijua vizuri sana. Kitenge kile kilikuwa cha mama, mimi ndiye niliyekuwa nakilalia, na siku ile nikanyang'anywa nikapewa shuka.

Komunyo ya kwanza mimi nilivaa gauni la kuazima, lenye doa la utomvu wa mgomba kwenye pindo. Yeye alipofikia zamu yake akashonewa jipya, na viatu vyeupe vya kamba juu. Jina la bibi alipewa yeye. Sauti ya kuimba kwaya alipewa yeye. Mimi nilipewa akili za darasani, na mama alikuwa akisema mbele za watu, "Huyu mkubwa ana akili," kwa sauti ile ile mtu anayomwambia mgeni kwamba chakula kimebaki kidogo. Na linaloniudhi kuliko yote ni kwamba mdogo wangu hana baya. Ningepata mdogo mchoyo, mgomvi, mwenye mdomo, ningepumzika. Huyu ukimnunia anakuletea mboga.

Baba alipofariki alituachia kiwanja kimoja, huku Bombambili. Tukakigawa katikati, tukapanda michongoma kwenye mpaka. Mdogo wangu aliolewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo nyumba yake ilipanda kwa miezi. Yangu ilipanda kwa miaka, kwa mshahara wa ualimu wa shule ya msingi: leo tofali, mwakani bati. Ndoa yangu iliisha mapema na hiyo si habari ya leo. Yeye alikuwa na mume, watoto watatu, pikapu na vigae sebuleni. Mimi nilikuwa na mama. Mama alikuwa akikaa kwangu, analala chumba cha kwangu cha pili, anakunywa chai yangu, na kila jioni nilipotoka shule nilimkuta kwenye baraza langu anachambua maharage. Nilikuwa nikipita taratibu pale kwenye michongoma ili mdogo wangu aone mama anavyonipokea mkoba.

Umeme tulivutiwa wakati mmoja, na fundi alikuwa mmoja: mzee wa Kiyao, kwao Nalasi, kule kwenye mikorosho, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku anafunga kwangu, mdogo wangu akaja na kiboksi kidogo mkononi.

"Dada," akasema, "hiki chukua wewe. Sisi hatukihitaji."

Hatukihitaji! Mimi niliyevaa gauni lenye doa nikalijua neno hilo hapo hapo. Na kiboksi chenyewe kilikuwa kimechanika kona. Nikasema asante kwa meno.

Mzee akakitoa kilichomo, akakifunga kwenye boksi la umeme ukutani, koridoni, kando ya zile breka nyingine. Kilikuwa kipana kuliko wenzake na kilikuwa na kitufe. Akaniita.

"Mwalimu, sogea uone. Hizi breka ndogo ni za waya. Ukizidisha mzigo, au waya zikigusana, zinaanguka ili waya usiungue. Mtu akishikwa na umeme, hizi hazina habari naye. Hii kubwa ndiyo breka ya mtu. Umeme ukianza kuvuja, ukapita pasipo njia yake, ukaingia kwenye bati au kwenye mwili wa mtu, hii inakata kabla hujasema Yalaiti. Kila mwezi bonyeza hiki kitufe. Ikianguka, ujue nzima."

Nilikuwa nimesimama mbele yake nikitikisa kichwa, na macho yangu yalikuwa kwenye ile kona iliyochanika. Mimi ninafundisha sayansi darasa la sita. Nina chati ukutani, nimeichora mwenyewe: vitu vinavyopitisha umeme, vitu visivyopitisha. Nikajiambia mzee wa watu hana la kunifundisha.

Kiangazi kizima taa ziliwaka vizuri. Mvua zilipoanza, balaa likaanza. Mvua ikipiga bati dakika kumi, unasikia *tak!* koridoni, nyumba nzima giza. Napandisha ile breka, inakaa kidogo, *tak!* Siku nyingine inagoma kabisa mpaka bati likauke. Na wakati huo huo, ng'ambo ya michongoma, kwa mdogo wangu kunawaka! Sebule inawaka, jiko linawaka, baraza linawaka, mpaka kibanda cha kuku kina taa. Mvua ile ile, nguzo ile ile ya umeme barabarani, fundi yule yule. Nilikuwa nakaa dirishani gizani nazihesabu taa za mdogo wangu, na roho inaniuma mpaka mate yanakuwa machungu.

Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi. Amenipa kibovu, yeye kabaki na kizuri.

Mama hakulalamika mwanzoni. Yeye ana desturi ya kuamka saa kumi na moja alfajiri asali rozari, na lazima awashe taa, kwa sababu anapenda kuitazama picha ya Bikira Maria aliyoibandika mlangoni. Giza likimkuta alikuwa anaweka tochi ya simu chini ya kidevu. Siku moja simu ilimwangukia kwenye kikombe cha chai. Akasema tu, "Basi, mwanangu, Mungu anasikia hata gizani." Lakini niliona alivyotazama ng'ambo.

Kwaresima ndiyo iliyonimaliza. Jumuiya yetu inasali jioni, nyumba kwa nyumba, na ile wiki ilikuwa zamu yangu. Nilijiandaa wiki nzima. Niliazima mabenchi, nikatandika mikeka, nikachemsha mihogo, nikaandaa chai ya tangawizi ndoo nzima. Msalaba nikauwekea kitambaa cha zambarau nilichokishona mwenyewe. Watu wakajaa hadi barazani. Tukaanza Njia ya Msalaba vizuri, mdogo wangu ndiye anaongoza nyimbo, kama kawaida yake. Mvua ikaja kwenye kituo cha nne. Nikaanza kuitazama taa. Kituo cha tano kikapita. Kituo cha sita, mama mmoja yuko katikati ya kusoma, *tak!*

Giza. Halafu mtu akacheka puani. Bibi mmoja wa jumuiya akauliza kwa sauti, "Mwalimu, kwani hukununua umeme?"

"Umeme upo!" nikajibu. Nilijibu kwa ukali mpaka watoto wakanyamaza.

Nikaenda kupandisha breka. Ikagoma. Nikapandisha tena, ikagoma. Na hapo mwenyekiti wa jumuiya akasema lile neno: "Jamani, si kwa mdogo wake pale kunawaka? Tusogee tu, tumalizie."

Wakainuka. Wakabeba mabenchi niliyoazima mimi. Wakabeba msalaba na kitambaa changu cha zambarau. Wakabeba ndoo yangu ya chai na vikombe vyangu, wakapita kwenye mvua wakicheka na mikeka vichwani, na vituo vinane vilivyobaki vikasaliwa barazani kwa mdogo wangu, chini ya taa yake. Mimi nilibaki kwenye mlango wangu nikisingizia kutafuta kibiriti. Nilimwona mama amewekewa kiti cha mto. Nilimwona mdogo wangu anammiminia chai niliyoipika mimi.

Siku ya pili mama akaniambia, bila kunitazama, kwamba atakwenda kulala kwa mdogo wangu "mpaka mvua zipungue." Watoto wa mdogo wangu wakaja wakabeba godoro. Picha ya Bikira Maria akaibandua mwenyewe, kwa kucha, taratibu, asiichane. Pale mlangoni ikabaki alama ya gundi.

Nyie, nililia. Mtu mzima na heshima zangu, nikakaa kwenye kitanda cha mama kisicho na godoro nikalia. Halafu nikakasirika. Kila kitu mdogo wangu amechukua, sasa kachukua na mama, na amemchukua kwa taa!

Nikamwita yule mzee fundi. Akaja, shikamoo, marahaba, akafungua boksi. Akabonyeza kitufe, ile breka ikaanguka. Akapandisha, akabonyeza tena, ikaanguka.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nzima kabisa."

"Nzima? Inanizimia taa kila siku unaniambia nzima?"

"Mwalimu, inakwambia pana umeme unavuja. Inavyoonekana ni waya wa taa ya barazani. Umepita chini ya bati, sasa msumari wa bati utakuwa umeuchuna. Kukiwa kukavu hakuna neno. Mvua ikiingia, umeme unakwenda kwenye bati. Inabidi nifungue bati, niutoe waya wote, nipitishe mwingine ndani ya bomba. Sasa kwa mvua hii siwezi kufungua paa. Mvua zikipungua, inshallah, nakuja. Kwa sasa taa hiyo usiiwashe kabisa. Hata ikiwa imezimwa, mvua kubwa bado inaweza kuiangusha breka, vumilia."

"Mbona kwa mdogo wangu hazikatiki?"

Mzee akatazama bisibisi yake. "Kwa mdogo wako ni kwa mdogo wako," akasema. "Wewe nisubiri."

Nimsubiri! Mvua za kwetu unaweza kuzisubiri mpaka Pasaka ikapita. Na mama huko anazoea vigae. Nilimwona kila asubuhi barazani kwa mdogo wangu anachambua maharage, na maharage yenyewe ya mdogo wangu. Alinipungia mkono. Nilimpungia na mimi, nikaingia ndani kuvunja kuni ambazo hazikuwa na haja ya kuvunjwa.

Jumamosi nikaenda stendi, nikamuulizia fundi mwingine. Akaletwa mmoja kwa bodaboda, tai shingoni, simu mbili, bisibisi ya kupimia imechomekwa sikioni. Akatazama ile breka, akacheka.

"Madam, hiki kitu ni mbwembwe tu. Nusu ya mji huu hawana na wanaishi. Ngoja nikuunganishie usahau."

Ndiyo, nilijua. Msiseme sikujua. Nilisimama nyuma yake nikamwona anachukua kipande cha waya mwekundu, kifupi kama kidole, anakiunganisha kutoka juu ya ile breka hadi chini, na kingine cheusi pembeni yake, ili umeme upite pembeni usiiguse kabisa. Nilikumbuka kila neno la yule mzee. Nikamwambia, "Fanya haraka." Hata kifuniko hakukirudisha vizuri, kwa sababu ule waya mwekundu ulikuwa umejitokeza.

Jioni ile mvua ilinyesha ya kutisha. Nikawasha kila taa niliyonayo, nikakaa sebuleni mikono magotini. Robo saa, nusu saa. Hakuna *tak*. Nikawasha na ya barazani. Ikawaka! Nikatoka nje nikasimama chini yake, nikawatazama wa ng'ambo na mimi kwa kiburi. Roho yangu ya korosho ilijaa furaha mpaka nikaimba, mimi nisiye na sauti.

Siku ya tatu mama akarudi. Watoto wakaleta godoro, picha ikarudi mlangoni juu ya alama yake ya gundi. Mdogo wangu alikuja nyuma yao na bakuli la mboga ya maboga. "Dada, mzee amekuja kutengeneza?" akaniuliza. "Amekuja," nikasema, na hapo sikuongopa, maana kweli alikuja. Akafurahi. Alifurahi kweli kweli, huyo ndiye mdogo wangu.

Ile wiki nilikuwa tajiri. Alfajiri nilisikia rozari ya mama kwenye ukuta, na mwanga wake unapita chini ya mlango. Na taa ya barazani sikuizima. Niliiacha ikawaka usiku, ikawaka asubuhi, ikawaka mchana wa mawingu. Mama ni mtu wa kubana matumizi, ikamkera. Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ndiyo kwanza imekatika, mama akapita jikoni na beseni la nguo.

"Taa ya barazani inawaka mpaka saa hizi. Mchana huu unamwashia nani?"

Nikaendelea kupuliza moto wa chai, na jibu nilikuwa nalo.

Hapa kwetu ukimaliza kuezeka, kitu cha kwanza unachofunga ni waya wa kuanikia nguo, na unaufunga kwenye nguzo ya bomba ya baraza, kwa sababu ndiyo imara. Wangu ulitoka kwenye nguzo ile hadi kwenye mpera. Nguzo inashika bati. Na bati lilikuwa limeshikwa na ule waya uliochunwa, ambao nilikuwa nimeujaza umeme usiku kucha ili mdogo wangu aione taa inawaka. Yote hayo yalikuwa kwenye chati yangu ukutani darasani, na rangi nimepaka.

Mama alikwenda pekupeku kwenye majani yaliyolowa. Nilisikia beseni likianguka. Halafu nikasikia sauti ambayo si ya mama, sauti ya koo tu, inakoroma. Nikatoka. Alikuwa amesimama mkono wa kulia juu, ameushika waya, anatetemeka mwili mzima, macho yamenitazama. Hauachii. Hakuweza kuuachia.

Na mimi nikasimama. Mwalimu wa sayansi. Nilijua nisimguse, nilijua nikimbilie kuzima umeme, nilijua kila kitu. Na jambo la kwanza lililoingia kichwani mwangu, Mungu anisamehe, ni kwamba mdogo wangu asione.

Alikuwa ameshaona. Alipita kwenye michongoma, si kwenye njia, kwenye michongoma yenyewe, kanga ikabaki huko, ana ndala miguuni na mchi wa kutwangia mikononi. "Dada, zima umeme!" alipiga kelele. "Dada! Zima!" Hakunisubiri. Akauweka mchi chini ya waya, akausukuma juu kwa nguvu zote, ukamchomoka mama mkononi. Mama akaanguka kwenye nguo zake. Ndipo miguu yangu iliposogea. Nilikimbia koridoni nikazima kila kitu, nikaendelea kuibonyeza swichi kuu ya nyumba hata baada ya kuzima.

Shemeji alileta pikapu. Wakati wanampakia mama, mdogo wangu akaingia ndani kunichukulia kanga, na koridoni akaliona lile boksi na kifuniko chake kilichokaa upande. Akauona waya mwekundu. Mikono yake ilikuwa inavuja damu kwa miiba. Nikangoja anitukane. Naapa nilitaka anitukane.

"Dada," akasema polepole, "funga kifuniko. Mama asije akaona."

Na njiani, mama alipoanza kuzungumza, mdogo wangu akamwambia ni mvua ndiyo iliyoleta umeme kwenye waya wa nguo. Mvua tu, mama.

Hata hapo nilimwonea wivu. Nimekaa nyuma ya pikapu nimeshika miguu ya mama iliyojaa matope, na bado moyoni nasema, tazama, hata uzuri wa moyo amepewa yeye.

Hospitali walisema moyo wake uko salama. Mkono wa kulia ndio ulioungua, kidole gumba na cha shahada, mpaka ndani. Ni vile vidole viwili anavyosogezea punje za rozari.

Kesho yake yule mzee wa Nalasi alikuja mwenyewe, alikuwa amesikia sokoni. Akafungua boksi, akatazama ule waya mwekundu muda mrefu. Akaukata na koleo, akauweka kwenye kiganja changu kama mtu anayenirudishia chenji. Hakunigombeza. Nikamuuliza tena lile swali langu la kijinga, mbona kwa mdogo wangu hazikatiki.

"Kwa sababu kwake hakuna breka ya mtu," akasema. "Mwalimu, wewe hukujua? Siku ile dukani ilibaki moja. Nyingine zilizokuwa zinauzwa mjini ni za bandia, mimi sifungi. Shemeji yako akaniambia nifunge kwake. Mdogo wako akaja akasema hapana, kifungeni kwa dada, mama ndiko analala. Kingine tutaagiza. Wakaagiza, hakikufika, watu wakasahau. Nikamwambia basi mweleze dada yako. Akasema nikimweleza hatakipokea."

Nikakaa chini, pale pale sakafuni. Hatukihitaji. Alijua ningekataa. Alinijua, akachagua neno la kuniudhi ili nikipokee.

Jioni nikaenda hospitali. Mdogo wangu alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, anamlisha mama uji, mikono yake imepakwa dawa. Mama akaniona, akatabasamu. Akamwambia mdogo wangu, mbele yangu, kwa sauti ya kila siku:

"Nikitoka hapa narudi kwa mwalimu. Kule sasa hivi taa haikatiki."

Sentensi hiyo niliisubiri tangu kitenge cha njano. Mama ananichagua mimi, na yeye anasikia. Mdogo wangu akainamia bakuli la uji, akasema, "Sawa, mama." Angeniachia. Angekaa kimya mpaka anazikwa, na mimi ningebaki na mama.

"Hapana, mama," nikasema. "Utakwenda kwa mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Si mvua. Ni mimi. Kile kifaa kilikuwa kinakata taa ili usishikwe, na mimi nikaita mtu akakifunga mdomo. Nilitaka urudi."

Mdogo wangu akaniwekea mkono mgongoni. Niliutoa, nikaona vibaya, nikauacha alipourudisha. Mama aliitazama bandeji yake. Nilidhani atalia, au atanilaani, na ningepokea.

"Na ile taa ya barazani," akasema mwishowe, "ulikuwa unamwashia nani?"

Nikanyoosha kidole kwa mdogo wangu. Mama akatutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka mimi nikatazama ukuta.

"Mimi ndiye niliyewagawa vibaya," akasema, akafumba macho. Hilo nalo nimeshindwa kulimeza mpaka leo, kwa sababu nusu yangu iliitikia ndiyo.

Nilimwambia mzee aitoe breka ya mtu kwangu akaifunge kwa mdogo wangu. Alibisha. Akasema nisubiri nyingine ije. Nikamwambia mama anatoka Ijumaa, na mahali anapolala mama ndipo inapolala hiyo. Akaenda akaifunga. Kwangu waya wa barazani ameutoa wote, waya wa kuanikia nguo nimeukata, sasa naanika kwenye kamba ya katani. Yangu imeagizwa pamoja na mzigo wa duka la shemeji. Namkumbusha kila Jumatatu.

Mvua ya kwanza baada ya mama kuhamia ng'ambo, nilikuwa sebuleni kwangu nasahihisha madaftari. Kwangu kunawaka. Mara nikasikia kutoka kwa mdogo wangu: *tak!* Sebule giza, jiko giza, mpaka kibanda cha kuku. Kumbe na kwake kulikuwa kunavuja siku zote, hapakuwa na wa kusema. Watoto wakapiga kelele. Nikamsikia mdogo wangu anatafuta kibiriti, anajigonga, anacheka. Halafu nikamsikia mama. "Acheni, acheni, imejikata hiyo, tukae hivyo hivyo." Na akaanzisha rozari, pole pole, maana sasa anazihesabu punje kwa mkono wa kushoto na bado hajauzoea, na sauti ya mdogo wangu ikampokea, na za watoto, wote pamoja kule ndani wasikoonana.

Mimi nilikaa na taa zangu zote zinawaka. Kalamu nyekundu mkononi, dirisha wazi, mvua inaingia kwenye madaftari ya watu. Nililionea wivu giza lile, jamani, kuliko kitu chochote nilichowahi kukionea wivu maishani mwangu. Nikazima taa ya sebuleni, nikaitikia Salamu Maria kutoka huku.